Pakiti ya kushona viatu vya London vya karne ya 14: uzi wa kweli, ngozi ya uongo

Nyota tatu, tena kwa shingo upande. Hii ni pakiti ya kujishonea viatu vya kupindua, vile vilivyovaliwa London karne ya 14, kutoka duka moja la Ulaya linalojigamba kwa kazi ya mkono na mbinu za kale. Saizi na bei zipo kwenye tangazo lao, kaangalieni wenyewe. Mimi nina neno na ngozi.

Kwa asiyejua: kiatu cha kupindua hushonwa ndani ikiwa nje. Soli na ngozi ya juu hushikizwa kwenye kalibu, yaani umbo la mguu la mbao, upande wa nyama (ule wa ndani ya ngozi) ukitazama nje, zikashonwa pamoja, kisha kiatu kikachomolewa, kikaloweshwa na kupinduliwa kama soksi. Mshono unajificha ndani, hausagwi na mawe ya njia. Unaweza kushona siku mbili bila kosa, lakini hukumu ya kazi yote inatoka katika dakika zile chache za kupindua.

Na hapo ndipo kiliponifia mikononi. Mimi huanza kupindua na kisigino, kisha nasukuma ncha ya vidole kwa mpini wa nyundo. Kisigino kilikubali. Nilipofika katikati, mshono wa ubavuni ukaanza kufunguka, tundu moja baada ya jingine, kama zipu mbovu. Uzi haukukatika hata uzi mmoja! Ngozi ndiyo iliyoachia. Matundu niliyotoboa madogo kama kichwa cha pini yakawa mapana kama ya vifungo vya koti.

Mshono wa ubavuni wa viatu hivi hautobolewi moja kwa moja. Vipande viwili vinakutana kichwa kwa kichwa. Chuma cha kutobolea, chenye ncha iliyopinda, kinaingia upande wa nyama na kutokea kwenye unene wa ukingo, ili upande wa manyoya ubaki safi bila alama. Nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 3 hivi; kwenye soli unaweza kwenda 6. Kwa hiyo uzi unashikilia nusu tu ya unene, yaani milimita 1 ya nyama kwenye ngozi ya milimita 2. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti ina nyuzi zilizoshikana, inahimili. Hii niliyopewa, ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu, ilikuwa kama sifongo, ikavutika halafu ikachanika.

Ndiyo, kromu. Karatasi yao inasema "ndama, magome ya mwaloni". Dalili zilikuwepo na nilizipuuza. Ngozi ya magome ukiitia majini inakunywa papo hapo: inakolea rangi, inatoa viputo, na viputo vikiisha ujue imeshiba. Hii ilikaa juu ya beseni kama bata. Pili, kingo za vipande zilipakwa rangi ya kahawia. Nilidhani ni unadhifu. Baada ya maafa nikakata ukingo kwa wembe, katikati ukatokea mstari wa kijivu kama buluu. Wamepaka rangi kuuficha!

Ili nisimsingizie mtu, nikaipima. Tia misumari yenye kutu kwenye siki, acha siku kadhaa, kisha dondoshea kwenye kipande. Ngozi ya magome inageuka nyeusi mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kinakutana na tanini, ile dawa ya magome inayosindika ngozi. Ya kwao ililowa tu, ikakauka, ikabaki kahawia vilevile. Usindikaji wa kromu umeingia viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Sasa hiyo London ya karne ya 14 ni ipi? Viatu vya zama zile vimechimbwa kwenye tope la ukingo wa Mto Thames. Uzi wa kitani umeoza, ngozi imebaki, na matundu ya mshono bado yanahesabika. Imekaa topeni miaka mia sita. Hii imeshindwa na beseni.

Nikawaandikia, na picha nikatuma. Jibu lao: ngozi ni kitu cha asili, hutofautiana, na "wanaoanza huwa hawaloweki vya kutosha". Wanaoanza! Sikuomba hata pesa, niliomba vipande viwili vya ngozi. Basi zile nyota tatu zifuteni. Moja.

Lakini haki ya mtu mpe. Uzi wa kitani ni mzuri ajabu, umesokotwa ncha zikichongoka, na nta yao ya nyuki imechanganywa na utomvu wa msonobari kwa kiasi chake, inang'ang'ania bila kugandana. Nywele ngumu za nguruwe za kuvishia ncha za uzi badala ya sindano ni za kweli, si plastiki. Kalibu nayo haina kasoro. Soli ni ngozi ya magome halisi, ila ni milimita 5, nene mno kupinduliwa. Ichonge ukingo hadi 3 au 4 kabla ya kutoboa. Na ukanda mwembamba wa kuweka kati ya soli na ngozi ya juu, ule unaozuia maji kupenya kwenye mshono, wamekata mfupi. Kateni wenyewe, upana wa sentimita 1, muwe na wa akiba.

Ngozi ya juu nimenunua hapa hapa, ya mbuzi, iliyosindikwa kwa magome ya miti ya miwati. Tunaishi na miwati ya Njombe, na zamani magome ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya kusindika ngozi zao, halafu leo nauziwa kromu iliyopakwa rangi! Nimeshona upya kwa uzi ule ule, kalibu ile ile, matundu yale yale milimita 3. Kiatu kimepinduka bila kelele, na kilipokauka kwenye kalibu kikashika umbo.

Kwa hiyo ramani yao ya kukatia ni sahihi, nakiri. Ziwe mbili: moja ya uzi, moja ya kalibu. Ngozi yao nimeikatia vishikio vya sufuria. Kromu inavumilia joto, na kwa kazi hiyo sina malalamiko.