Ford ya 1947 kama gari la familia: uzoefu wangu wa kununua hotirodi

Swali la kwanza ninaloulizwa na Waswahili wenzangu hapa Minnesota ni bei, kwa hiyo tuanze nayo tuimalize. Gari ni Ford Tudor ya mwaka 1947, sedani ya milango miwili, na nililipa dola 23,500. Kwa hela hiyo ningepata Camry safi ya miaka michache nyuma. Badala yake nimepata gari linalomzidi baba yangu umri, lisilo na mfuko wa hewa hata mmoja, na ambalo wanangu watatu wakisikia linawashwa wanakimbilia viatu. Nimekaa nalo vya kutosha sasa kuyasema mazuri yake na mabaya yake.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: hotirodi ni gari la zamani la Kimarekani lililotolewa injini yake na kutiwa nyingine yenye nguvu zaidi. Mchezo ulianza na vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakivua madigadi na boneti za Ford kuukuu ili wazikimbize kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc. Ford walipotoa V8, yaani injini ya silinda nane, ya bei ya mtu wa kawaida mwaka 1932, vijana hao wakapata walichokuwa wakikitafuta. Leo wenye magari haya wengi ni wazee wastaafu, na magari yenyewe yana viyoyozi. Minnesota ina hata namba za usajili za kundi hili, kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1949 kisha yakafanywa ya kisasa, ila lazima uwe na gari jingine la shughuli za kila siku. Hilo halikunisumbua. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelitoa gari kama hili Januari huku barabara zimemwagiwa chumvi.

Uamuzi mkubwa ni huu: kujenga mwenyewe au kununua lililokwisha kujengwa? Nunua. Jumlisha bodi, injini, giaboksi, ekseli, rangi, viti na saa za mafundi, utakuta gari limekula hela nyingi kuliko litakavyouzwa, na hasara hiyo huibeba aliyejenga. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Hotirodi haina kiwanda. Kiwanda chake ni mtu mmoja kwenye gereji yake, na kila bolti imekazwa kwa akili ya mtu huyo. Kwa hiyo ukienda kukagua, usikague gari peke yake, mkague na fundi.

Aliyeniuzia ni mzee mmoja wa ng'ambo ya mto St. Croix, upande wa Wisconsin, fundi wa kuchomelea aliyestaafu. Nilikwenda na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa, nikaipitisha chini ya milango na kuzunguka madigadi ya nyuma. Ikigoma kushika, jua hapo pamepigwa puti. Iligoma mahali pamoja tu, kiganja kimoja hivi, na mzee mwenyewe alishanionyesha kabla sijafika hapo. Kisha nikaingia chini ya gari. Mbele kuna sasipensheni ya muundo wa Mustang II, gari dogo la Ford la miaka ya sabini, na breki za diski. Nyuma kuna ekseli ya Ford ya inchi 9, breki za dramu. Injini ni Chevrolet 350, yaani lita 5.7. Wapenzi wa Ford wananuna wakiiona, mimi sina ugomvi nayo. V8 ya asili ya gari hili ilikuwa na nguvu farasi 100, na moshi wake ulipitishwa katikati ya bloku kabla ya kutoka, ndiyo maana injini zile zilisifika kwa kuchemsha maji. Spea za 350 unazipata hadi kwenye mji wenye taa moja ya barabarani.

Swali lililoniuzia gari nililiuliza nikiwa bado nimelala chali. Kwenye magari haya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, inakaa chini ya sakafu, kwenye miguu ya dereva, siyo juu kwenye ukuta wa injini kama Corolla yako. Ikiwa chini ya usawa wa kalipa, kile chombo kinachobana diski kwenye gurudumu, mafuta ya breki hurudi polepole gari likisimama, na asubuhi ukikanyaga pedali inazama. Dawa yake ni vali mbili ndogo za kuzuia mafuta yasirudi: ya presha ya pauni 2 kwa diski, ya pauni 10 kwa dramu. Si magari yote ya kujengwa yanazo. Nilipomuuliza, mzee alicheka, akaingiza tochi chini ya kizingiti cha mlango na kunimulikia: moja ya bluu, moja nyekundu, zimefungwa kwenye fremu kwa klipu zenye mpira. Akasema, "Mke wangu alikuwa akikaa kiti cha mbele." Sikubishania bei sana baada ya hapo.

Akanipa pia daftari. Kama muuzaji wako hana daftari la namna hii, punguza bei au ondoka zako. Hotirodi ni mkusanyiko wa magari mengi, na ukienda dukani ukasema unataka pampu ya maji ya Ford 1947, kijana wa kaunta anaandika kwenye kompyuta, anakuangalia, anaandika tena. Daftari linasema: pedi za mbele, Malibu 1980. Pampu ya maji, Camaro 1968, ile fupi. Ya 1969 haiingii, itagonga redieta. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa mkono wa mtu asiye na haraka, na imeniokolea fedha nyingi kuliko bima.

Bima nayo ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Kampuni za magari ya kale, Hagerty wakiwa ndio wanaojulikana zaidi, hukubaliana nawe thamani ya gari tangu mwanzo, na likiharibika kabisa unalipwa hiyo hiyo. Bima ya kawaida ingelihesabu gari langu kuwa chuma chakavu cha miaka sabini na kitu.

Sasa mabadiliko, maana hapo ndipo gari linapokuwa lako.

Nilianza na mikanda. Gari la 1947 halikutoka kiwandani na mikanda, na mzee alikuwa ameweka ya kiunoni tu. Kwa mwanangu mdogo haikuwa shida, kiti chake kina mikanda yake na kinafungika vizuri kwa mkanda wa kiunoni. Wale wakubwa wawili wanakalia viti vya kuwainua, na hivyo havifai kabisa bila mkanda wa begani. Ukitoboa bati la bodi ukapitisha bolti na washa, siku ya ajali bolti itachomoka na bati lake. Fundi alichomelea vipande vya chuma nene ndani ya nguzo nyuma ya milango na chini ya sakafu, kisha akafunga mikanda ya pointi tatu inayojivuta yenyewe, na nanga ya kamba ya juu ya kiti cha mtoto nyuma ya kiti cha nyuma. Kazi hii ilikula dola 1,400, na hakuna anayeiona kwenye picha. Milango kuwa miwili tu imegeuka kuwa neema: walioko nyuma hawana kitasa cha kuchezea.

Umeme ulifuata. Kazi ya chuma ya mzee ilikuwa safi, ya waya ilikuwa aibu: waya za rangi moja kila mahali, tepu juu ya tepu, fyuzi nne kwa gari zima. Gereji moja, sitaitaja, ilikubali kusuka waya upya na kufunga kiyoyozi, ikakaa na gari msimu mzima wa baridi, na nilipolifuata theluji ikiyeyuka nikakuta wametoa dashibodi na kuiweka kwenye kiti cha nyuma. Basi. Kazi hiyo tuliimaliza mimi na rafiki yangu mmoja wa Tanga anayetengeneza lifti hapa mjini, tukitumia seti ya waya mpya ambazo kila moja imeandikwa inakokwenda. Kiyoyozi ni cha Vintage Air ya San Antonio, Texas. Kinafanya kazi vizuri sana, lakini hakiji peke yake: unahitaji altaneta kubwa, na kondensa yake, inayotoa joto nje, inakaa mbele ya redieta, kwa hiyo injini inazidi kupata joto. Boneti ya Ford hizi ni nyembamba, nafasi ya feni ni finyu. Niliweka feni ya umeme yenye kava linalofunika redieta yote, ili hewa ipite kwenye redieta badala ya kuzunguka pembeni. Pia tulitandika kinga ya joto chini ya zulia, kwa sababu ekzosi inapita karibu na miguu ya abiria na mke wangu alishasema wazi kwamba hatarudi kwenye gari linalompika nyayo.

Giaboksi nililibadilisha kwa ajili ya masikio. Lililokuwamo, TH350 ya otomatiki, ni la gia tatu tu, na kwa difu ya uwiano wa 3.50 injini ilikuwa ikizunguka kama mara 2,500 kwa dakika kwenye mwendo wa maili 60. Kwa kijana ni muziki. Kwa watoto walioko nyuma na mama yao anayetaka kuongea ni kelele. Nimeweka 700R4, otomatiki ya gia nne, ambayo gia yake ya nne inashusha mzunguko hadi chini ya 1,800. Ukiifuata njia hii, kebo inayotoka kwenye kabureta hadi kwenye giaboksi lazima irekebishwe sawasawa. Ikilegea, mafuta yanakosa presha ndani ya giaboksi na klachi zinaungua bila kukuaga.

Rangi sikuigusa. Ni kijani iliyokolea na ina michubuko, ndiyo maana naweza kuliegesha dukani bila presha kupanda. Nilichoongeza ni maandishi. Hotirodi nyingi huchorwa mistari myembamba ya rangi kwa mkono, na kuna mafundi wa brashi wanaoishi kwa kazi hiyo. Nilimpata mmoja kwenye Back to the 50's, mkusanyiko wa kila Juni katika viwanja vya maonyesho vya jimbo, ambako magari zaidi ya 10,000 ya mwaka 1964 kurudi nyuma hujaa kila kichochoro. Nilimwandikia maneno kwenye tepu ya karatasi, akayasoma mara mbili kimoyomoyo, akayachora kwenye buti chini ya mistari yake bila rula: UKIONA VYAELEA. Wazungu wanauliza ni jina la gari? Waswahili wanaikamilisha wenyewe kwa sauti, na wengine wanapiga honi.

Barabarani tunalipenda zaidi kwenye Highway 61, kutoka Red Wing kushuka kandokando ya Ziwa Pepin hadi Wabasha. Maili 55 kwa saa, madirisha wazi, hapo gari limetulia na kila mtu anasikika. Mjini linachosha: kuta za nyuma ni nene, kioo cha nyuma ni kidogo, na mwanangu wa pili alishauliza, "Baba, kwa nini halina kamera?" Mafuta linakunywa kama maili 15 kwa galoni nikienda kwa adabu. Ninatia petroli isiyo na ethanoli, ambayo hapa Minnesota vituo kadhaa huwauzia wenye magari ya kale na boti, kwa sababu gari linalala tangu Novemba hadi Aprili na ethanoli ikikaa kwenye kabureta muda huo wote inaleta kutu na kula mipira.

Usalama nisiufiche. Mikanda ni mizuri, breki ni nzuri, masta silinda ni ya njia mbili badala ya ile ya asili ambayo ikivuja sehemu moja zimekwenda breki zote. Lakini hili bado ni gari lisilo na bodi ya kujikunja kupunguza kishindo. Siliendeshi kwenye barabara kuu zenye malori saa za msongamano, na usiku tunakuwa nyumbani. Mwenye familia asiyeweza kuishi na sheria hizo, asinunue.

Kaka yangu wa Dar ameniuliza kama tunaweza kulileta. Usukani upo kushoto, ada ya uchakavu peke yake itatutoa machozi, na nani atalitafutia pampu fupi ya Camaro pale Ilala? Akitaka raha kama hii na apate Peugeot 504 yenye bodi nzima, mafundi wake bado wapo hai na spea zake wanazijua.

Ningelinunua tena, kwa mzee yule yule, ila ningelipeleka kwenye gereji nyingine. Kilichobaki ni wipa. Bado ni zile za asili zinazoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kupanda mlima kwenye mvua, zinasimama katikati ya kioo mpaka uachie. Mota ya umeme nimeshainunua, ipo kwenye boksi juu ya kabati. Itafungwa msimu huu wa baridi, na safari hii dashibodi haitoki mikononi mwangu.