Nyota nne kwa huduma iliyoniuliza nataka kuishi wapi

Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaonifanya nisikie sauti, na nimehamishwa makazi mara tano. Mara nne za mwanzo nilijua ninakopelekwa nikiwa tayari ndani ya gari: daktari, kaka yangu na afisa ustawi wa jamii walikuwa wameshakubaliana, mimi nikaletewa fomu nitie sahihi. Kwa hiyo watu wa huduma hii ya makazi waliponiuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" nilidhani ni mtego.

Walinionyesha vyumba vitatu. Niliomba nivione usiku, maana sauti zangu huzidi giza likiingia, wakakubali bila kuguna. Cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote, ila kilipakana na pampu ya maji. Mwingine angeuzoea ule mngurumo. Mimi ningeanza kusikia maneno ndani yake. Kaka, ambaye ananipenda kweli, alikuwa anakipigia debe hicho hicho. Nikachukua kidogo kabisa, chenye dirisha linaloelekea ngazi, ili nimwone anayepanda kabla hajabisha hodi.

Mkataba una jina langu, funguo ninazo mimi. Nyumba haikufungwa kwenye sharti la kumeza dawa, jambo lililomtia kaka wasiwasi. Nikamweleza kwamba mtindo huo ulianza New York mwaka 1992, na Kanada waliupima katika miji 5, wakaona waliopewa nyumba kwanza, bila kusubiri matibabu, wanadumu ndani yake kuliko wa huduma za kawaida. Akanyamaza. (Dawa ninameza, kama ulikuwa unajiuliza.)

Kilichonigusa zaidi ni karatasi tuliyoandika nikiwa mzima: nikizidiwa apigiwe nani, nani asipigiwe, na chumba changu kisipewe mtu nikiwa wodini.

Sasa lawama. Kamera ya ukumbini ilifungwa Jumatano, tukaitwa kutoa maoni Ijumaa. Kamera! Jengo zima la watu ambao baadhi yetu tumetumia miaka kujifunza kuamini kwamba hatufuatiliwi. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu kinatupa haki ya kuchagua tuishi wapi na nani. Nilikisoma kwa sauti kwenye kikao, mikono ikinitetemeka, nikauliza kama kuangaliwa nako hatuchagui. Wiki mbili baadaye waliihamishia getini.

Matundu ya skrubu bado yapo ukutani. Nyota ya tano nimeibakiza hapo.