Uzoefu wangu wa kuapdeti Picard na fpcalc, programu za kutambua nyimbo kwa alama ya sauti

Watu wengi apdeti ya programu ya kutambua nyimbo ikitoka wanakimbilia kuangalia muonekano mpya, rangi, sijui vitufe vimehamia wapi. Mimi naangalia kwanza kitu kimoja tu, je alama ya sauti, yaani mlolongo wa namba unaoutambulisha wimbo, inayotoka baada ya apdeti ni ile ile iliyokuwa inatoka kabla? Ikibadilika, kila kitu ulichokwisha kukitambua hakilingani tena na kipya. Na kwa hilo MusicBrainz Picard (programu ya kompyuta inayoandika majina ya nyimbo kutoka hifadhidata ya MusicBrainz) ikishirikiana na AcoustID (hifadhidata ya mtandaoni ya alama za sauti) imenikosha kuliko zote nilizowahi kutumia.

Nina mafaili ya muziki ya miaka na miaka, yamepita kwenye CD, flashi, memori kadi na simu tofauti tofauti, mengi yanaitwa Track 01, Track 02, msanii hajulikani, albamu haipo kabisa. Kukaa kuandika majina kwa mkono sio kazi ya mtu mmoja. Picard ukibonyeza kitufe cha Scan haijali faili linaitwaje, inasikiliza sauti yenyewe: inachukua sekunde 120 za mwanzo, inaishusha sauti hadi 11025 Hz na chaneli moja, halafu inapima zile noti 12 za muziki zina nguvu kiasi gani kila kipande kidogo cha muda, matokeo yanakuwa mlolongo wa namba. Ndo maana MP3 ya 128 kbps na FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti) ya rekodi hiyo hiyo zinakutana sehemu moja, kwa sababu kilichopimwa ni noti, ubora wa faili hauna shida sana. Hiyo injini inaitwa Chromaprint, kaitengeneza Lukáš Lalinský, huyo huyo aliyeanzisha AcoustID. Na seva haipokei wimbo wako, inapokea ile alama na urefu wa wimbo basi, hilo kwangu ni jambo kubwa.

Sasa kwenye apdeti. Kabla sijaweka toleo jipya la Chromaprint nilichagua nyimbo kadhaa, nikaendesha fpcalc, programu ndogo inayotoa alama kwa Chromaprint, kwenye terminali (dirisha la kuandika amri). Inakupa mistari miwili, DURATION na FINGERPRINT, na huo wa pili ni mrefu balaa, kwa nyimbo za zaidi ya dakika mbili utaona unaanza na AQADt. Sio bahati mbaya hiyo, mwanzoni mwa alama ndo kumefichwa namba ya algorithimu pamoja na idadi ya namba zilizomo, kwa hiyo ukiona mwanzo unafanana unajua tayari mnaongea lugha moja na seva. Nikahifadhi matokeo kwenye faili la maandishi, nikaapdeti, nikaendesha tena, nikalinganisha. FLAC zote zilikuwa sawa herufi kwa herufi. MP3 chache zilitofautiana kidogo, na hilo linaeleweka kwa sababu kinachofungua MP3 ni FFmpeg, programu ya kusoma mafaili ya sauti, na ikibadilika yenyewe sauti inaweza kuanza mapema au kuchelewa kidogo sana, lakini AcoustID ilizitambua vile vile maana ulinganishaji wake unavumilia tofauti ndogo. Yaani nilifurahi mno. Mtu anaboresha programu lakini anaheshimu kazi uliyokwisha kuifanya!

Nalisema hili kwa sababu kuna programu nyingine ya simu, jina naliacha, iliapdeti yenyewe usiku na asubuhi orodha yote ya nyimbo nilizokuwa nimezitambua haipo, na maelezo ya toleo yanasema tu wamerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji. Nitajuaje kilichobadilika? Picard inakuandikia kila badiliko, ukisoma unajua cha kutegemea.

Kama unaruka toleo kubwa, angalia plagini zako (vipande vya ziada unavyoongeza kwenye Picard) mapema. Picard 2.0 ya mwaka 2018 ilihamia Python 3 na PyQt5 (lugha na zana za kuiandika programu yenyewe), kwa hiyo plagini za zamani za 1.x zilibidi ziandikwe upya ndo zifanye kazi. Fanya bekapu ya mipangilio, na ya mafaili yenyewe pia, kwa sababu ukibonyeza Save taarifa zinaandikwa ndani ya faili moja kwa moja.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni albamu. Alama inakuambia hii ni rekodi gani, haikuambii faili lako limetoka kwenye albamu ipi, na rekodi moja inaweza kuwa kwenye albamu halisi, singo, na mikusanyiko kumi. Nenda kwenye mipangilio sehemu ya Preferred Releases, shusha uzito wa mikusanyiko, pandisha albamu, utaona folda zinajipanga vizuri ajabu.

Ila usiitegemee kwa wimbo unaopigwa huko nje kwenye makelele na wewe umerekodi kipande kidogo. Hiyo ni kazi ya Shazam, ambayo mwaka 2002 kule Uingereza ulikuwa unapiga namba 2580 na kuinua simu isikilize. Ule mfumo alioueleza Avery Wang wa Shazam mwaka 2003 unatafuta vilele vya sauti na kuviunganisha viwili viwili kwa muda, kwa hiyo kipande chochote cha wimbo kinatosha hata kukiwa na kelele. AcoustID inataka faili zima kuanzia mwanzo. Na wimbo ulioharakishwa ukapanda sauti hautakubali, noti zote zimehama.

Kwa zile ambazo seva haizijui kabisa, jisajili AcoustID uchukue ufunguo wa API (msimbo unaoitambulisha akaunti yako), weka kwenye Picard, ziunganishe na rekodi sahihi kwa mkono kisha bonyeza Submit AcoustIDs. Nimefanya hivyo kwa rekodi za zamani ambazo hazikuwa na alama hata moja, na sasa mwingine akiwa nazo akibonyeza Scan zinatokea na majina yake yote, msanii, albamu na mwaka.