Prado 120 au Pajero? Gari kubwa la familia kwa mfuko wa kawaida hapa Lubumbashi

Ndugu watazamaji, papa na mama mnaonifuatilia kutoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na hata ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, leo tunazungumzia gari kubwa la familia lililokwisha kutumika, nami nitaanza na jibu ili mwenye haraka asinisubiri. Ikiwa una watoto wanne au watano, mfuko wako si wa mwenye mgodi, na unataka gari litakalokufikisha Kolwezi na kukurudisha, tafuta Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120 yenye injini ya esanse, yaani petroli, ya lita 2.7. Haina mbio, wala si gari la kuwatambia mashemeji. Nimeichagua kwa sababu injini yake ina vitu vichache vya kuharibika, na hivyo vichache fundi wa komini ya Katuba au ya Kenya hapa mjini anavijua, anavipata sokoni na anavibadilisha bila kuhitaji kompyuta.

Tuelewane kwanza kuhusu fedha. Ninaposema mfuko wa kawaida, tuchukulie mtu aliye na dola 12,000 kwa kila kitu: gari lenyewe, ushuru, deklaranti (wakala wa forodha), namba, asiransi (bima) na matengenezo ya mwezi wa kwanza. Mtu huyo asinunue gari la dola 12,000. Atafute la 9,500 au la 10,000, na zile zinazobaki azifiche hata kwa muuzaji, kwa maana gari la miaka kumi na mitano au ishirini litazidai tu. Kama gari lipo mjini na lina karatasi zake, hesabu ni nyepesi. Kama bado liko Japan na litashukia bandari ya Dar es Salaam, likatize Zambia na kuingilia Kasumbalesa, andika gharama za njiani na za forodha zote kwenye karatasi moja kabla hujatuma hata dola ya kwanza, kwa sababu watu wengi hulipia gari kwa furaha kisha wakalia mpakani.

Prado 120 ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, baada ya Prado 90 na kabla ya Prado 150. Sasa tazameni hapa, nimefungua boneti, na kibao hiki cha chuma kina maandishi ambayo wanunuzi wengi hawayasomi: TRJ120. Herufi hizo za mwanzo zinakutajia injini iliyotoka nayo kiwandani. TR ni esanse ya lita 2.7, GR ni ile ya silinda sita ya lita 4.0, KD ni mazutu, yaani dizeli, ya lita 3.0 ya kizazi kipya, na KZ ni mazutu ya kizazi cha zamani. Ukiona 125 badala ya 120, hilo ni gari fupi la milango mitatu, lisilofaa familia. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba gari ni la mazutu na kibao kinasoma TRJ, injini imebadilishwa, na maelezo yake yafuate palepale. Namba kamili iliyogongwa kwenye shasi, upande wa kulia karibu na tairi la mbele, ni lazima ilingane na ya kibao na ya kwenye karatasi. Ifute vumbi, uipitishe kidole, na ukihisi chuma kimesagwa au kimechomelewa, mshukuru mwenye gari na uondoke.

Injini hii ya 2.7 inaitwa 2TR-FE. Inatumia mnyororo wa taimingi, unaofungua valvu za injini kwa wakati wake, badala ya mkanda, haina turbo, na nozeli zake za kupulizia mafuta hazifanyi kazi kwa shinikizo kubwa kama zile za mazutu ya kisasa. Ina nguvu za farasi 163 tu kwa gari linalokaribia tani mbili, hivyo ukiwa na familia nzima na mizigo ya shangazi, kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi kunahitaji subira na nafasi ndefu. Mjini itakunywa lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100, na kwenye foleni zaidi. Ile ya lita 4.0, 1GR-FE, ina nguvu za kutosha na nayo ina mnyororo. Kama unapata iliyotunzwa kwa bei ileile, na safari zako ni za barabara kuu kuliko za mjini, sitakukataza, ila usije ukanilalamikia kituoni.

Hapa ndipo wengi watabisha, kwa sababu kwetu mtu akisema gari kubwa ana maana ya mazutu. Nakubali kwamba mazutu hula kidogo na huvuta vizuri. Shida yangu ni historia ya gari usiyoijua. Injini ya KD, yaani 1KD-FTV, ina washa za shaba, yaani vipete vya kuziba, chini ya nozeli, na zikichoka moshi wa silinda hupenya na kuingia kwenye oili. Oili hugeuka kuwa tope, tope hushuka chini na kuziba kichujio kidogo cha kufyonzea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na siku moja injini hukosa oili huku kipimo cha oili kikionyesha kwamba imejaa. Mwenye gari hakuona kitu. Aidha, baadhi ya injini hizo zimepasuka pistoni, na nozeli zake hazipendi kabisa mazutu yenye maji yanayouzwa kwenye madumu. Ile ya KZ ni rahisi zaidi kwa fundi, lakini ikichemka mara moja sana, silinda hedi hupasuka.

Ukishikilia mazutu, fanya jaribio hili. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha utazame taa za dashibodi zikiwaka zote kwa pamoja. Kati yake inapaswa kuwepo taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, kwenye KZ kila kilomita 100,000 na kwenye KD kila kilomita 150,000. Isipowaka hata kidogo, kuna mtu aliyeichoka akaing'oa balbu, na mkanda huo huenda ni uleule uliotoka nao Japan. Ukikatika ukiwa safarini, gharama yake itakuwa ya injini.

Neno moja kuhusu Prado 150, kwa sababu bei zake zimeanza kushuka na watu wananiuliza. Zile zilizouzwa ndani ya Japan kuanzia 2009 zilikuwa za esanse tu. Mazutu ilirudi huko 2015, ikiwa na injini ya lita 2.8. Basi ukiletewa Prado 150 ya mazutu ya 2011 ukaambiwa imetumiwa na mzee mmoja Japan, hadithi hiyo ina tundu. Gari lenyewe linaweza kuwa zuri, lakini limetoka kwingine, na kilomita zake zitafutwe huko lilikotoka.

Mpinzani wa kweli wa Prado ni Mitsubishi Pajero ndefu, hasa ile ya kizazi cha nne iliyoanza 2006. Nitasema wazi kwamba kwa starehe Pajero inashinda. Viti vya safu ya tatu vinazama sakafuni, wakati vya Prado vinakunjwa ubavuni na kula nafasi ya mizigo, na mfumo wake wa kuendesha magurudumu manne unakuruhusu ama kuuacha kwenye mawili ili uokoe esanse, ama kuuweka manne hata kwenye lami yenye mvua. Kibao chake kikisoma V93W ni esanse ya lita 3.0, V97W ni ya 3.8, na V98W ni mazutu ya 3.2. Hizo mbili za esanse zina mkanda wa taimingi, hivyo uhesabu badiliko lake ndani ya bei. Kinachonikwaza kwenye Pajero ni vipuri: cha Prado utakipata kwa kutuma mtoto wa jirani na pikipiki, kipya au cha kuvuliwa kwenye gari bovu, na cha Pajero utaagiza usubiri. Bei yake kwa kawaida iko chini kwa sababu hiyo hiyo, na mtu aliye na gari la pili nyumbani anaweza kufaidika nayo.

Magari mengine nitayapita haraka. Land Cruiser 100 yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 4.7 ni gari imara kweli, na bei yake ya kununulia inavutia, ila lita 20 kwa kilomita 100 mjini si ajabu. Nissan Patrol yenye mazutu ya lita 4.2, TD42, ni mzee wa kuheshimiwa, lakini usiichanganye na ile ya lita 3.0, ZD30, ambayo matoleo yake ya awali yalikuwa na sifa mbaya ya kuyeyusha pistoni. Toyota Sequoia na Highlander kutoka Marekani zina usukani wa kushoto na nafasi kubwa, lakini nyingi zimeishi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo lala chini uitazame shasi kabla ya kupenda viti vya ngozi.

Na tukitaja usukani. Sisi tunaendesha kulia, na magari ya Japan yana usukani wa kulia, jambo ambalo tumelizoea kiasi cha kulisahau. Mtu wa kukaa kushoto ndiye anayelipa kwenye péage, yaani kituo cha kulipia barabara, na ndiye anayekuambia kama njia ni nyeupe unapotaka kulipita lori. Usiku mkeo akisinzia, unaendesha kwa kubahatisha. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Taa za mbele za magari hayo zimetengenezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto wa barabara, na kwetu upande wa kushoto ndiko anakotokea mwenzako, hivyo unamchoma macho hata ukiwa umeshusha taa. Ukiweza kupata Prado iliyozaliwa na usukani wa kushoto, kwa mfano iliyouzwa nchi za Ghuba, ni halali kuongeza dola mia kadhaa. Lakini usukani uliohamishwa hapa mtaani, ukaunganishwa kwa kuchomelea na dashibodi kukatwa, mimi siupandi na watoto wangu hawatapanda.

Siku ya kulikagua gari, fika asubuhi kabla halijawashwa, na uguse boneti. Likiwa la moto, mwambie muuzaji kwa upole kwamba utarudi kesho. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna utando mweupe kama maziwa, dalili ya maji kuingia. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho: ukiona mstari wa tope chini kabisa, gari liliwahi kuzama. Pitisha macho juu ya paa na kwenye bampa la mbele ukitafuta matundu yaliyozibwa, mahali palipofungwa taa ya kuzunguka na mlingoti wa bendera, maana gari lililofanya kazi mgodini limewaka saa nyingi likiwa limesimama, na saa hizo hazionekani kwenye kilomita. Kwa gari lililotoka Japan karibuni, omba hati ya kulisafirisha nje, kwa kuwa huwa na kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi wa huko, uzilinganishe na za dashibodi.

Kisha liendeshe. Prado nyingi hugonga mara moja chini ya sakafu unaposimama au unapoondoka, na wauzaji wengi wenyewe hudhani giaboksi imekufa. Mara nyingi ni propela shafti, ile fimbo ya chini inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, iliyokauka grisi kwenye kiungo chake kinachoteleza. Ina vichuchu vya kutilia grisi ambavyo mafundi wengi huvisahau. Usiseme unajua. Acha sauti hiyo ikusaidie kupunguza bei, kisha kesho yake umpe fundi pampu ya grisi. Kama kugonga kunabaki baada ya hapo, tazama viungo vya shafti na raba za injini. Pia tazama nyuma kwa ukimya gari likiwa limesimama: baadhi ya daraja za juu kama TZ zina mifuko ya hewa badala ya springi, na upande mmoja ukiwa umelala, weka gharama hiyo mezani.

Ukishalinunua, kabla ya safari ya kwanza mwaga oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, badilisha maji ya rejeta na hozi zake, na kichujio cha hewa usikipulize tu, kinunue kipya, kwa maana vumbi letu jekundu la kiangazi hupita mahali usipodhani. Hii TRJ120 niliyoionyesha, mwenye gari anaomba dola 10,500, na ina oili inayotoka jasho kwenye steringi pamoja na matairi mawili yaliyokwisha. Mimi ningempa 9,400, na asipokubali ningemwachia namba yangu ya simu.