Magofu ya Kaole, Bagamoyo: nendeni kwa ajili ya makaburi

Kama uko Dar na unatafuta sehemu ya kutoka wikiendi ambayo sio bichi tu, nenda Kaole aisee. Unapanda basi stendi ya Makumbusho mpaka Bagamoyo halafu boda au bajaji, sio mbali, ni kama kilomita 5 kusini ya mji. Wengi wanaenda kuona mbuyu na msikiti wa karne ya 13, sawa ni vizuri, ila mimi kilichonishika ni makaburi.

Yapo zaidi ya 20, ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo mpaka leo zimesimama, na muongozaji akatueleza kwamba kwenye nguzo zile walikuwa wanapachika bakuli za kauri kutoka China. Hapo nikaganda. Nikawa nawaza hilo bakuli nani alilinunua, labda nahodha, labda bibi mmoja mwenye nyumba kubwa aliyekuwa analitoa siku ya Idi tu watoto wasiguse, akafa, wanawe wakaona wamuachie na chombo chake. Kaole ilikuwa bandari, pale majahazi yalipokuwa yanatia nanga sasa hivi ni mikoko mitupu, kwa hiyo hawa walikuwa watu wa kuingia na kutoka, wanaojua bei ya vitu vya mbali.

Muongozaji anajua kazi yake kwa kweli, hana haraka. Atakupeleka kwenye kaburi la sharifa, yaani mwanamke wa ukoo wa Mtume, watu bado wanakuja kuomba dua pale kwa hiyo vaa nguo za heshima na usikae juu ya makaburi kupiga picha, tafadhali sana. Pia kuna la mume na mke wanaosemekana walizama baharini wakazikwa pamoja. Lakini mengi hayana jina wala hadithi, na hayo ndo mwenzenu nilikaa nayo zaidi, maana huyu naye alikuwa na mama, alikuwa na deni dukani, kuna mtu alimlilia.

Ushauri wangu, akimaliza maelezo muombe muda wa kuzunguka mwenyewe, sisi tulikubaliwa bila shida. Kijumba cha makumbusho chenye vyungu na vigae kiache mwishoni. Nendeni asubuhi jua halijawaka na mbebe maji.