Dawa tatu za kutu kwenye Peugeot 504 ya viti saba: ipi inahimili chumvi ya Mikindani?

Haya, karibuni. Leo sikagui simu wala blenda. Mezani nina dawa tatu za kutu, na vipande vinne vya bati nilivyokata kwenye boneti lililokwisha kufa. Nyuma yangu, juu ya stendi nne za chuma, ndilo gari lenyewe: Peugeot 504 Familiale, lile refu la viti saba, gari la marehemu baba. Mwanangu, rudi nyuma kidogo na hiyo kamera walione lote. Hapo hapo.

Wengi mmeniuliza nitapiga rangi gani. Shangazi yenu anajibu hivi: rangi itasubiri. Hapa kwetu Mikindani bahari iko mwisho wa uchochoro. Kusi ikianza kuvuma, ukilamba mdomo unakuta chumvi, na gari nalo linalamba chumvi hiyohiyo, tofauti ni kwamba lenyewe haliogi. Mtu anachukua gari la zamani, linapakwa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde, linang'arishwa, picha zinapigwa. Mvua za Desemba zikianza, kufika Aprili malengelenge yamejaa chini ya milango. Hela ilikwenda juu, kutu ilikuwa chini. Kwa hiyo ukaguzi wa leo ni wa vitu ambavyo hakuna mgeni atakayeviona.

Gari kwanza, haraka haraka, kwa vijana wanaodhani magari yalianzia kwenye IST. Hii 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka barani Ulaya, na imeshinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Mombasa walikuwa wakiziunganisha. Familiale ni ndefu kuliko saluni, yaani 504 ya kawaida yenye buti: toka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, ya saluni ni 2.74. Nyuma ina ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande. Ni gari la kubeba watu na magunia, na hili lilibeba kweli, enzi zile ambazo Daraja la Mkapa halijafunguliwa, kabla ya 2003, ukienda Dar unasubiri kivuko Ndundu na tope limefika kwenye vitasa.

Injini sitaigusa leo. Niseme tu ni ya petroli, cc 1,971, na slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimezungukwa na maji, kwa hiyo zikichakaa unazichomoa na kuweka nyingine bila kupeleka bloku kuchongwa. Hilo peke yake lilinifanya nikatae kila dalali wa chuma chakavu aliyebisha hodi hapa.

Sasa twende chini. Lala nami mwanangu, usiogope kuchafuka. Mnaona hapa? Ukiwa na gari kama hili usianze kuangalia unapopaona. Chukua mpini wa bisibisi, gonga kingo za chini ya milango, gonga sehemu springi zinapokaa, nyanyua karpeti ugonge sakafu. Bati zima linalia. Bati lililoliwa linatoa sauti ya mfu. Likitoboka usilipake dawa yoyote, likate mpaka ufike kwenye chuma safi, fundi wa kuchomelea aweke kiraka. Hakuna mkebe duniani unaorudisha bati ambalo halipo, hata kama lebo inasema hivyo.

Dawa namba moja. Lebo ya mkebe wa dukani inasema asidi ya fosforiki. Sitaji chapa, maana dukani wanakupimia kwenye chupa ya maji, unabaki na imani tu. Inachofanya ni kula kutu na kuacha juu ya chuma utando wa kijivu wa fosfeti ya chuma. Uzuri wake inafanya kazi haraka, na inaingia kwenye vishimo ambavyo brashi ya waya haifiki. Ubaya wake ni kwamba watu wanaipaka, wanaiacha ikauke na unga wake mweupe, halafu wanapiga rangi juu. Asidi iliyobaki inaendelea na kazi yake, rangi inavimba. Lazima uisafishe kama mkebe unavyoelekeza, ukaushe, na ufunike mara moja. Hiki hapa ndicho kipande nilichopaka asidi peke yake, nikakining'iniza kwenye ukuta unaotazama bahari msimu mzima wa kusi. Kimekuwa chekundu chote. Kama dawa ya kusafishia naipa alama nzuri. Kama kinga, haina kitu.

Namba mbili ni ya tanini. Hii ndiyo inayopendwa, na naelewa kwa nini: unapaka kwenye kutu, kutu inageuka nyeusi yenye ubuluu mbele ya macho yako, unajiona mganga. Tanini hiyo ni ileile iliyojaa kwenye magome ya mkoko, yale ya kusindikia ngozi, wazee wa pwani wanayajua. Inashikana na kutu na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kwenye maji. Ila sikilizeni masharti yake. Inataka kutu nyepesi iliyoshikana. Ukiipaka kwenye chuma cheupe kilichopigwa grenda haina cha kushikana nacho, umepoteza hela. Ukiipaka kwenye kutu nene ya magamba inageuza ngozi ya juu tu. Angalieni kipande cha pili, nusu hii nilikwangua kwanza, nusu hii sikukwangua. Ile isiyokwanguliwa, tazama, naingiza ukucha na gamba lote linabanduka, chini jekundu. Kwa hiyo inafaa pale ambapo umekwangua umeshindwa kumaliza, kama kwenye kona za sakafu. Na juu yake bado unahitaji praima, ile rangi ya kwanza ya chini.

Namba tatu sasa. Hii mikebe ni miwili, praima ya epoksi na hadina yake, ile unayochanganya nayo ili ikauke na kuwa ngumu, na hapa nataka mtu wa Mtwara asogee karibu. Mwanangu, vuta kamera kwenye lebo ya hadina. Hilo neno refu ni fenalkamini. Mnajua inatoka wapi? Kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Yale yale yanayobabua mikono ya mama zetu wakichoma korosho uani. Viwandani wanayachemsha na kuvuna mvuke wake, wanapata kitu kinaitwa kadanoli, na kutoka humo wanatengeneza hadina ya rangi za meli. Sifa yake kubwa ni kwamba inakauka na kushika hata hewa ikiwa na unyevu mwingi, mahali ambapo hadina nyingine zinatoa utelezi juu au zinagoma. Yaani ni kama imetengenezwa kwa ajili ya hewa ya hapa. Korosho zetu nyingi zinapakiwa ghafi bandarini kwenda India na Vietnam, na mimi naletewa maganda yake kwenye mkebe kwa bei ya kutoa machozi. Haya, tuliache hilo, wenye minada watanisikia.

Jinsi ya kuitumia. Kwangua mpaka chuma, futa na thina, futa tena kwa kitambaa kingine kisafi. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, siyo kwa macho. Na kwa joto letu changanya kidogo kidogo, maana ikishaanza kupata moto ndani ya kopo hukimbizani nayo. Mimi hufanya asubuhi umande ukishakauka, gari likiwa kivulini, nikitumia brashi kule chini na bunduki ya kompresa kwenye sehemu pana. Kipande cha tatu ni hiki. Nimekichora msalaba kwa wembe kabla ya kukining'iniza, makusudi, ili chumvi ipate mlango. Kutu imekaa kwenye mchoro tu, haijatambaa pembeni. Sasa nabandika selotepu juu ya msalaba, nakandamiza, navuta kwa nguvu… mmeona? Imetoka tupu. Huyu ndiye mshindi wangu, na hata kama bajeti yako ni ya dawa moja tu, nunua hii na ukwangue kwa mikono.

Kipande cha nne ni oili chafu, kwa sababu kila mzee anayepita hapa ananishauri hiyo. Kuna mmoja alisema nipake sifa, mafuta ya papa, kama jahazi. Nikamwambia babu, gari hili linabeba wajukuu kwenda harusini! Oili chafu inazuia maji kwa muda, siyo uongo, lakini inadondoka, inachafua ardhi, inalainisha raba na bushi, na siku ukitaka kupiga rangi hapo hakuna praima itakayokubali kushika. Hapana.

Neno la puti, maana hapa ndipo mafundi wengi tunakosana. Puti ya kawaida inanyonya unyevu. Ukiiweka moja kwa moja juu ya bati lenye kutu umeifungia kutu maji ndani. Mimi naiweka juu ya epoksi iliyokwisha kukauka na kukwaruzwa msasa, nyembamba, ya kusawazisha tu. Fundi akikuambia unene wa kidole hauna shida, mwambie anyooshe bati kwanza.

Na jamani, barakoa. Rangi za mwisho zenye hadina ya isosianati, zile za kung'aa, hewa yake inaharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, tafuta ile ya raba yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na watoto wasikae uani.

Vikorombwezo sasa, nijibu machache. Taa za LED za kuchomeka kwenye taa za zamani: nimezijaribu, nimezitoa. Kioo cha taa hii kilichongwa kwa ajili ya waya unaowaka mahali pamoja, ukiweka LED mwanga unatawanyika, unampofusha mwenye bodaboda na wewe barabara huioni. Nilichofanya ni kufunga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme, na waya mpya mnene kutoka kwenye betri, kwa sababu mwanzoni umeme wote wa taa ulipitia kwenye swichi ya usukani na kufika umechoka. Balbu zilezile, mwanga mpya. Katika vyote nilivyonunua mwaka huu, hicho ndicho cha bei ndogo chenye faida kubwa.

Kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya platini, zile ncha za kukata umeme wa plagi ndani ya distribyuta, nacho nimekipenda, gari linawaka kwa mguso mmoja. Lakini platini za zamani nimeziweka kwenye droo ya dashibodi pamoja na kondensa, kwa sababu kile kifaa kikifa katikati ya Masasi na Newala hakuna wa kukutengenezea, na platini hata fundi baiskeli anaweza kuzisafisha. Redio ya bluetooth nimeficha ndani ya droo hiyohiyo, dashibodi sitaitoboa. Viti nimeagiza rekisini, kitenge nimekikataa, jua la hapa litakipausha.

Video ijayo ni breki, diski za mbele na madramu ya nyuma. Kabla ya hapo natafuta kioo cha taa ya nyuma ya kushoto. Cha Familiale, siyo cha saluni, haviingiliani. Mwenye nacho Lindi, Nachingwea, popote, aniandikie hapo chini na aweke picha.