Puzzi 10/1 kwa mazulia ya ofisi na hoteli za Malindi: kufyonza inajua, tangi ndilo dogo

Mtu akiuliza zulia la nini katika mji wa joto na mchanga kama Malindi, hajakosea. Sakafu ya vigae inapigwa deki asubuhi, punde imekauka, basi. Lakini vyumba vya mikutano vya hoteli, ofisi za mawakili na benki bado vinatandikwa zulia ukuta kwa ukuta, kwa sababu zulia humeza kelele na kukipa chumba heshima yake. Likishatandikwa halina budi kutunzwa, na Kärcher Puzzi 10/1 ni mojawapo ya mashine zinazouzwa kwa kazi hiyo. Hapa tunaipima kwa usafi wa kawaida wa zulia la jengo la biashara, huku pwani. Makochi na viti vya gari tumeviacha, ingawa huko nako inatumika.

Tuseme mapema: kwa ofisi isiyozidi mita za mraba 100 tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa ukumbi mkubwa, nyota 2, na hizo ni kwa hisani.

Ufanyaji kazi wake si mgumu. Pampu ya wati 40 hunyunyiza maji ndani ya zulia, lita 1 kwa dakika kwa shinikizo la baa 1, na mota ya wati 1,250 huyafyonza papo hapo pamoja na uchafu. Tangi la maji safi lina lita 10, la maji machafu lita 9. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 11 hivi, kwa hiyo mtu mmoja anaipandisha ngazi bila kuita msaada. Haichemshi maji yenyewe, wala haina brashi inayozunguka. Hayo mawili yakumbuke, tutayarudia.

Sasa piga hesabu. Ukibana kitufe bila kuachia, tangi linakwisha kwa dakika 10. Kwa vile fundi hubana, huachia na kurudia kufyonza bila maji, tangi moja linamaliza mita za mraba 10 hadi 15. Mtengenezaji anataja mita za mraba 20 hadi 25 kwa saa, na hilo ni la kweli ikiwa mtu hapumziki. Ofisi ya mita 60 basi ni karibu saa 3 na matangi 4 hadi 6. Ukumbi wa mita 200 ni saa 8 hadi 10, na safari kati ya 13 na 20 za kumwaga na kujaza. Ukianza ukumbi huo baada ya chakula cha mchana, usiku utakukuta nusu yake bado mbichi, na ubichi wa usiku Malindi ni jambo jingine kabisa.

Kosa linalofanywa na wengi wanaoinunua ni kudhani mashine ya maji imechukua nafasi ya kifyonza vumbi. Haijachukua. Sehemu kubwa ya uchafu ulio ndani ya zulia ni mkavu: mchanga wa ufukweni unaokuja na viatu vya wageni, na lile vumbi jekundu la upande wa Marafa linaloshika nyuzi kama rangi. Punje ya mchanga ina makali. Kila anayepita juu yake anaikanyagia kwenye shina la nyuzi na kuzikata kidogo kidogo, ndiyo maana njia ya kutoka mlangoni hadi kwa mpokezi hufifia hata kama haina doa lolote. Ukimwagia maji mchanga huo umetengeneza tope, na Puzzi haina nguvu ya kulivuta tope kutoka chini ya zulia lenye manyoya mazito. Ufagio wa chelewa nao haufai hapa. Unatimua vumbi juu na kusukuma mchanga chini.

Kwa hiyo kifyonza vumbi chenye brashi inayozunguka kipite kila siku kwenye mapito ya watu, polepole, mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Vyumba vya mikutano vifanyiwe kila baada ya kikao. Kona na chini ya makabati, mara moja kwa wiki. Mfuko wa vumbi ukifika theluthi mbili uondolewe, maana ukijaa kifyonza kinabaki na kelele tu. Mlangoni weka mkeka mgumu wa kukwangua nje na wa kunyonya unyevu ndani, jumla mita 4 hadi 5, ili mtu apige hatua kadhaa kabla hajagusa zulia. Fedha ya mikeka hiyo ni ndogo kuliko ya zulia jipya, lakini ndiyo ambayo wenye majengo huikata kwanza.

Halafu kuna suala la maji, na hili vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ujerumani haviligusi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Maji ya chumvi yakikaukia ndani ya zulia, chumvi inabaki, nayo huvuta unyevu kutoka hewani. Zulia litakauka mchana na kurudi ubichi usiku, likinata vumbi wiki nzima. Onja: ulimi ukiisikia chumvi, yasiingie tangini. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Hata maji ya bomba yakiwa na chokaa yataacha utando mweupe kwenye nozeli, yaani kitundu cha kunyunyizia, na badala ya kunyunyiza kama upepeo uliofunguka yatatoka kama mkojo wa mbuzi, upande mmoja. Nozeli iloweke kwenye siki nyeupe nusu saa, isugue kwa mswaki mkuukuu, isuuze. Usiitie sindano wala waya. Ukipanua tundu, umeharibu kipimo cha maji.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, huenda hivi. Baada ya kufyonza vumbi, jaribu rangi mahali pasipoonekana: tone la sabuni iliyochanganywa, ngoja dakika chache, kandamiza kitambaa cheupe. Kikishika rangi, acha, ita mtaalamu. Kisha usiitie sabuni ndani ya tangi la Puzzi. Tunajua kitabu chake kinaruhusu, lakini kwa zulia la ofisi njia bora ni kuinyunyizia sabuni pembeni kwa bomba la mkono la lita 5, lile la kupulizia dawa mimea (liwe jipya, lisiwe limewahi kubeba dawa), kwenye mapito na madoa tu. Ngoja dakika 10 hadi 15. Isikaukie, ukiona inakauka, nyunyiza tena kidogo. Kwa kuwa mashine haina brashi, sugua kwa brashi ya mkono yenye nywele laini, pande mbili. Hapo ndipo Puzzi iingie na maji matupu ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 50, isuuze na kufyonza.

Vuta kichwa cha mashine kinachogusa zulia kuja kwako ukinyunyiza, kwa mwendo wa pole. Achia kitufe, rudi mwanzo wa mstari uleule, vuta tena bila maji mara mbili. Sikiliza mpira wa kufyonzea: maji yakipita hugugumia, yakiisha sauti inanyooka. Mstari unaofuata uupande wa kwanza kwa vidole viwili. Mwisho weka karatasi nyeupe ya shashi juu ya zulia, ikanyage kwa sekunde 10. Ikilowa, ongeza mvuto mwingine mkavu. Kipimo kingine ni ndoo yenye alama za lita. Ulinyunyiza 10, ukimwaga tangi chafu ukapata 7 au zaidi, uko sawa: lita 3 zilizobaki kwenye mita 12 ni robo lita kwa kila mita ya mraba, nazo zitakauka. Ukipata 5, ama unanyunyiza kama unamwagilia mchicha, ama kuna mahali mashine inavuta hewa.

Hapa ndipo Puzzi 10/1 inapojipatia nyota zake. Kufyonza kwake ni kukali kwa mashine ya udogo huo, na kwa pwani hicho ndicho cha kulipia. Usinunue mashine kwa sifa ya kunyunyiza; ndoo pia inanyunyiza. Kinachoua mazulia ya Malindi ni maji yanayoachwa mgongoni mwa zulia, hasa mgongo wa juti, ambao ukilowa sana hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi juu. Baada ya siku mbili za ubichi inaanza ile harufu ya uvundo, na ikishaingia kwenye gundi hakuna marashi ya kuifunika.

Ukaushaji upangiwe kabla ya kazi. Anza saa 3 asubuhi ili saa 10 alasiri pawe pakavu. Mchana fungua madirisha upepo wa bahari upite, washa pangaboi. Usiku fanya kinyume: funga madirisha, maana hewa ya nje imeshiba unyevu, na washa kiyoyozi kwenye hali ya kukausha. Usafi mkubwa wa mwaka ufanye wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa kwenye kilele chake, fyonza vumbi na ondoa madoa tu. Zulia zima liache.

Madoa, kwa kifupi, kwa sababu Puzzi si dawa ya doa. Chai na kahawa: maji baridi, kisha siki kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji. Damu na maziwa: baridi daima, ya moto huyapika ndani ya nyuzi. Madafu yana hila, kwani yakimwagika hayaonekani, na siku mbili baadaye panakuwa na alama ya kahawia; yafyonze pale pale. Utomvu wa bibo na hina mbichi kwa kawaida havitoki vyote, na hoteli inayofanya harusi ingefaa ipige marufuku hina juu ya zulia badala ya kutafuta sabuni. Kutu chini ya miguu ya viti vya chuma ni ugonjwa wa mji huu wa hewa ya chumvi. Weka vipande vya plastiki chini ya miguu kabla ya kurudisha samani juu ya zulia bichi. Jiki usiisogeze karibu: haiondoi doa, inaondoa zulia.

Kuna doa jingine ambalo watu huilaumu mashine bure. Umesafisha, zulia linang'aa, kesho yake doa limerudi palepale. Huo ni uchafu uliokuwa chini ukapanda pamoja na maji wakati wa kukauka. Dawa yake ni kulowesha kidogo, kufunika kwa taulo jeupe kavu, kuweka vitabu vizito juu na kuliacha hadi asubuhi. Doa litahamia kwenye taulo.

Povu nalo linastahili tahadhari. Mazulia mengi yamewahi kusuguliwa kwa sabuni ya unga ya kufulia, na sabuni ile haikutoka. Puzzi ikipita mara ya kwanza, tangi la maji machafu hujaa povu likiwa na lita 3 tu za maji. Ukiona povu linapanda kwenye kifuniko angavu, zima. Povu likivutwa hadi kwenye mota, fundi wa kuifungua atakuwa na la kukuambia. Tia dawa ya kuua povu kwenye tangi chafu kabla ya kuanza, si kwenye maji safi, na tarajia kusuuza zulia hilo mara mbili au tatu kwa maji matupu. Zulia linalochafuka upya ndani ya wiki mbili karibu kila mara lina sabuni iliyobaki. Kuliongezea sabuni ni kumpa mlevi tembo.

Umeme si tatizo kubwa, ila waya wa kuongezea ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, usipate joto, na jenereta ndogo ya kilowati 1 haiiwezi.

Matunzo ya kila siku ni dakika 5: mwaga tangi chafu, lisuuze, pitisha lita 2 za maji matupu kwenye pampu na mpira, safisha chujio lililo ndani ya tangi safi, kisha hifadhi mashine kifuniko kikiwa wazi. Ikifungwa ikiwa na ubichi, kesho itanukisha chumba unachoenda kukisafisha. Pampu isifanye kazi kavu hata dakika chache. Na ikifika siku nguvu ya kufyonza imepungua, usikimbilie mota. Angalia kwanza raba ya kifuniko, kwa kuwa punje moja ya mchanga chini yake inatosha kuvujisha hewa. Raba hiyo, nozeli na chujio ndivyo vinavyochakaa mapema. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anavyo dukani leo. Akisema vinaagizwa, chukua vya akiba siku hiyohiyo pamoja na mashine.